Maneno Ambayo Sikuyaandika

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
Jumapili, 3 Machi 2024

Wifi yangu Rachel,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Usishtuke kuona karatasi. Najua umezoea nipige kwa simu ya jirani yako, uitwe, uje unahema kutoka shambani. Lakini haya siwezi kuyasema huku jirani amesimama pembeni anasubiri simu yake, na hapa kwetu nako simu ni moja, mchana kutwa anayo kaka yako. Kwa hiyo nimempa Samson, kondakta wa basi la Masasi, nikamwambia akuwekee mkononi, asimwachie mtu hata akiwa padre.

Ni juu ya huyo huyo kaka yako.

Tangu Noeli Baba Shukuru anasahau. Sisemi kule kusahau kwetu sote, miwani umeiweka wapi. Alikwenda Upanga kupima madirisha ya mteja, akarudi na tepu shingoni bila kipimo hata kimoja, akaniambia mteja hakuwepo. Jioni mteja akapiga anauliza fundi mapazia mbona kaondoka katikati ya kazi, hata chai aliyotengewa hakunywa. Siku nyingine akaniita kwa jina la marehemu mama yenu. Nikaitika, ningefanyaje? Akaniagiza nisiwape kuku mahindi mabichi, nikasema sawa baba, siwapi.

Nimemwambia twende hospitali. Anasema ni presha tu, na kwamba mafundi wote wa umri wake wako hivyo kwa sababu ya kuinamia cherehani. Nikimbana ananyamaza, na unajua unyamavu wa ukoo wenu, mtu unaweza kuupikia na kuupakulia.

Basi mimi nikaanza kuuliza kwenye simu. Ile simu ya tachi aliyotuletea Shukuru kabla hajarudi kwenye malori yake. Mchana inakwenda na baba yake, jioni akiingia kuoga naishika mimi. Naandika: ugonjwa wa kusahau. Naandika: mume anasahau njia. Nasoma haraka haraka kama mwizi, nafunga, namwekea mahali pake.

Nilikuwa sijui kwamba ile simu inatunza. Ukiandika herufi mbili tu inakumalizia yenyewe, inakuorodheshea chini ulichouliza jana na juzi, na katikati inachomeka vya watu wengine ambao hata huwajui. Siku moja nilitaka kujua kama ni salama kumwacha peke yake nikifuata vitenge. Nikaanza, "kumwacha mume mgonjwa", nilikuwa bado sijamalizia "peke yake nyumbani", simu ikanimalizia yenyewe: "kumwacha mume mgonjwa na kuolewa tena." Wifi, nikitaka kufuta haraka kidole kikagusa palepale, ukurasa ukafunguka. Nikaufunga. Lakini tangu hapo ukiandika "ku" tu, hilo ndilo linatangulia. Mimi sikuandika maneno hayo. Mungu ni shahidi yangu, sikuyaandika.

Sasa jana. Jumuiya ilisali kwetu. Biblia ya jumuiya ilikuwa imebaki nyumba ya wiki iliyopita, na kaka yako ndiye mwenyekiti, akasema hakuna neno, tutasoma kwenye simu, akampa Mzee Augustino atafute somo la kwanza. Somo lenyewe lilikuwa kitabu cha Kutoka, zile Amri Kumi. Mzee Augustino miwani hana, kaishika simu mbali kama mtu anayeogopa kuungua, anaandika kwa kidole kimoja. Watu wamesimama. Naye anaanza kusoma kwa sauti kila anachokiona: "Ku... mwa... cha..."

Nilimpokonya. Nikasema chaji inakwisha. Watu wakacheka, Mama Mweka Hazina akasema Scholastika leo kamwonea wivu mzee wa watu. Nikamtuma mtoto wa jirani alete Biblia yao. Kaka yako alikuwa anatafuta wimbo kwenye kitabu, sidhani kama alisikia.

Ninachoomba ni kimoja, asije akaliona lile neno. Mtu anayepoteza kumbukumbu asije akabaki anakumbuka hilo. Niombee nipate wa kunionyesha namna ya kuifunga hii simu mdomo.

Wako anayekutegemea,
Scholastika


Lukuledi
12 Machi 2024

Mama Shukuru,

Milele amina. Karatasi yako nimeisoma shambani chini ya jua ili mtu asije akanisoma usoni.

Umenihuzunisha, lakini hujanishangaza. Baba yetu naye alikwenda hivyo hivyo. Mumeo Gaudens alikuwa ameshatoka kuja huko kujifunza ushonaji, hakuyaona, na sisi hatukumwandikia. Mwishoni baba alikuwa anatusalimia wanawe kama wageni waliokuja kununua korosho. Alitukaribisha vizuri sana, hilo namshukuru. Sasa naogopa, maana kaka yangu ana mikono ya baba na kisogo cha baba.

Kuhusu simu, wewe hukukosea kuuliza. Mtu akizama hushika hata jani. Ila chombo kinachosema mbele za watu uliyoyauliza peke yako, hicho kifunge. Huku kwetu mtu wa namna hiyo tusingempa hata kiti. Tafuta anayejua, akizime, na uliyoyauliza yafutwe yote, ukae kwa amani. Gaudens ni mtu wa heshima yake. Afadhali asahau akiwa hajui kama tunajua.

Siri yako nimeimeza.

Nakuletea kwa Samson korosho kidogo na unga wa muhogo. Gaudens akiuliza, sema ni salamu tu.

Wifi yako mkubwa,
Rachel


Kariakoo, kwenye cherehani
18 Machi 2024

Dada Rachel,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama wewe na nyumba yako. Kaburi la mama limepaliliwa? Mvua zikianza majani yatalifunika.

Samson ameniambia juzi alikuletea mzigo kutoka kwa mke wangu, nami nikaona nimpe na wangu, ila huu usimwonyeshe. Nakuapisha kwa mama.

Dada, kichwa changu kinaondoka. Sijui niseme vipi vingine. Nakaa hapa na kitambaa cha mteja, mkasi ninao mkononi, sijui nilikuwa nakata nini. Marinda niliyoyashona maisha yangu yote, leo nikiulizwa dirisha la mita mbili linakula kitambaa kiasi gani, nageuka kama natafuta chaki. Kisha natoa simu.

Hiyo simu ndiyo imekuwa kichwa changu, na hakuna ajuaye. Naandika herufi moja au mbili, yenyewe inanimalizia, kwa sababu jana niliuliza na juzi niliuliza. Nikiandika "ma" inaniletea mapazia ya marinda na vipimo vyake. Nikiwa nimetoka kununua ringi na vyuma vya mapazia kule mjini Posta, nikifika viwanja vya Mnazi Mmoja barabara zote zinakuwa moja. Nasimama kama nasubiri mtu. Naandika "ku", inaniletea "kutoka Mnazi Mmoja hadi Mtaa wa Mchikichi", nabonyeza, ramani inafunguka, nafuata mpaka nauona mlango wangu. Mke wangu ananipokea, ananiuliza habari za Posta, namwambia Posta ni joto.

Na nikiandika "ba", dada, inaniletea Baba Yetu. Maneno yote. Nayasoma kwanza chooni kabla ya jumuiya kuanza. Mimi mwenyekiti.

Sasa nikueleze linaloniuma. Hapo hapo kwenye "ku", juu ya njia yangu ya nyumbani, kuna neno jingine. Sikuliweka mimi, na simu tunaishika wawili tu. Linasema kumwacha mume mgonjwa na kuolewa tena. Naliona kila ninapotafuta njia ya kurudi kwake. Siku ya jumuiya Mzee Augustino alianza kulisoma, Mama Shukuru akamnyang'anya simu. Nikatazama kitabu cha nyimbo. Nilikuwa nimekishika juu chini.

Simlaumu. Bado ana nguvu zake, na mimi ninakoelekea nakujua, ingawa hamkuwahi kuniambia baba alikwendaje. Ninachotaka aniambie kwa mdomo, nisiwe nasoma kwenye kioo kila siku. Lakini nikimuuliza atajua ninavyoitumia simu, na atajua yote. Kwa hiyo nanyamaza.

Usimwambie. Kaburi la mama limepaliliwa? Mvua zinakuja.

Mdogo wako,
Gaudens


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Wifi yangu,

Amani ya Bwana ikae nawe. Korosho tumekula, unga umetufaa, na leo nakuandikia moyo ukiwa mwepesi kidogo kwa mara ya kwanza tangu Noeli.

Nimempata wa kunisaidia, na alikuwa hapo hapo nilipo. Unamkumbuka Jasvanti, Mama Alpesh, yule Mhindi ambaye nauzia vitenge vyangu kwenye baraza la duka lake la vitambaa? Mwanamke wa maneno machache, kila asubuhi anamwashia taa Mungu wake kabla hajafungua droo. Nilimwambia nina shida na simu, nikajifanya inanisumbua tu. Akanitazama juu ya miwani. Akasema, "Mama Shukuru, simu haimsumbui mtu. Mtu ndiye anasumbuka, simu inasema." Nikajikuta nimemweleza nusu.

Naye akaniambia yake. Kompyuta ya dukani kioo chake kinaelekea wateja. Mwaka ule mama mkwe wake alipougua, aliandika kumuulizia dawa ya kuvuja mkojo. Siku nyingine anamtafutia mteja rangi ya kitambaa, anaandika herufi mbili mbele ya mteja na mashoga zake, kompyuta ikamwaga yote. Wateja, anasema, wanasoma kioo kuliko vitambaa. Tangu siku hiyo alizima mapendekezo kwenye kompyuta na kwenye simu zote za nyumbani.

Akaichukua simu jana Baba Shukuru alipoiacha kwenye chaji. Akafungua kile kivinjari, ndiyo pale pa kuingilia mtandaoni, akaenda kwenye setingi, akashuka mpaka palipoandikwa faragha, akazima swichi moja, akazima na nyingine. Kisha akaniuliza, "Na ya nyuma nifute? Nilichozima unaweza kuwasha. Nikifuta hakirudi." Nikamwambia, futa yote. Akaniuliza tena kama mwenzangu hana kitu chake humo. Nikasema fundi mapazia atakuwa na nini mtandaoni, anasikiliza kwaya tu.

Nikaijaribu mwenyewe. Niliandika "ku". Chini kukawa kweupe. Wifi, nilijisikia kama mtu aliyetoka kuungama.

Tangu jana mwenzangu simu anaitoa anaitazama anairudisha mfukoni. Nadhani ni uchovu, maana maandalizi ya Pasaka yote yako juu yake. Ijumaa Kuu ataongoza Njia ya Msalaba ya jumuiya. Namwombea asikwame.

Ulilonishauri limefanyika, nami nashukuru.

Scholastika


Lukuledi
2 Aprili 2024

Gaudens mdogo wangu,

Kaburi la mama limepaliliwa. Nimelipalilia mwenyewe.

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu kuliko ilivyofaa. Umeniapisha kwa mama, na mwingine naye kaniamini kwa lake, nikabaki kama mlango unaosukumwa pande zote mbili. Nakuambia jambo moja na usiniulize nimelijuaje. Mke wako hakuachi. Lile neno hakuliandika. Simu zina tabia ya kuandika mambo ya watu wengine. Mimi sijui zinavyofanya, ila huyu mwanamke namjua.

Mweleze. Mshike mkono umwambie kichwa kinaondoka. Sisi tulinyamaza kwa baba tukadhani ndiyo heshima.

Na mpaka umweleze, usiende Posta peke yako.

Dada yako,
Rachel


Lukuledi
2 Aprili 2024

Mama Shukuru,

Karatasi mbili zinasafiri pamoja, hii yako na nyingine ya Gaudens. Yake mpe bila kuifungua.

Nilikuambia funga, ukafunga. Sasa nakuambia rudisha. Mwambie huyo mama Mhindi airudishe simu kama ilivyokuwa, na yaliyofutwa ayatafute popote yalipo. Kuna mtu alikuwa anayahitaji. Siwezi kusema zaidi, nimekula kiapo. Na usimwache mumeo atoke peke yake.

Usingojee Jumapili. Fanya siku hiyo hiyo utakayoisoma hii.

Samson anasema maji yamekata barabara huko mbele na mabasi yamelala njiani. Nimempa hata hivyo. Nimejaribu simu ya jirani, inaita kwenu inapokelewa na Gaudens, ananiambia dada hujambo, kaburi la mama limepaliliwa? Nikakata.

Rachel


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
Jumapili, 28 Aprili 2024

Wifi Rachel,

Karatasi zako zimefika juzi, zote mbili. Samson alilala njiani na basi lake mpaka maji yalipopungua. Alipofika alinifuata barazani, akanikabidhi zote.

Nitakueleza kwa utaratibu, maana nilipokupigia kwa simu ya jirani nililia tu, sidhani kama ulielewa.

Ilikuwa wiki mbili baada ya Pasaka. Alikwenda Posta kununua ringi za mapazia, kazi anayoifanya tangu tumeoana. Jioni hakurudi. Nikampigia kwa simu ya Mama Alpesh, ikaita, baadaye haikuita tena. Mama Alpesh alifunga duka kabla ya saa yake, tena siku ya soko, jambo ambalo sijawahi kuliona, akatoa gari, tukazunguka yeye na mimi na Mzee Augustino. Mnazi Mmoja kulikuwa na mkutano, watu wengi, tukapita tunawaangalia nyuso. Mvua ikanyesha. Tulikwenda hospitali, tukaenda polisi, wakatuambia mtu mzima huenda ana mambo yake. Mzee Augustino akawajibu kuwa huyu mambo yake yote ni mapazia.

Asubuhi ikaja simu kwa Mama Alpesh. Mtu mmoja anaitwa Ignasi, mlinzi wa karakana huko Ilala, alimkuta kajikunyata kwenye banda la fundi seremala, kalowa. Alimuuliza jina akakosa jibu. Lakini huyo Ignasi ni mtu wa kwetu kusini. Akamsemesha Kimakua, na kaka yako akamjibu. Akamwambia kwao ni Lukuledi na mama yake anamsubiri. Ignasi akaichaji simu, akapiga namba ya mwisho iliyokuwa imempigia.

Tulipofika alikuwa amevikwa koti la ulinzi, anakunywa uji. Aliniangalia, akafurahi, akaniambia, "Mama Shukuru, nimekuja kuchukua vipimo." Nikamwambia vyema, umemaliza? Akasema madirisha ya huku ni makubwa.

Garini nikaishika ile simu. Nikafungua kile kivinjari, kikaja pale pale alipokiachia. Kile kisanduku cha kuandikia kilikuwa na "ku". Nikafuta, nikarudi nyuma, kumbe kabla ya hapo alifungua kurasa nyingi nyingi, na kila moja ina "ku", au "k" peke yake, na chini yake hakuna kitu. Kweupe. Kama nilivyotaka.

Sikuelewa mpaka juzi ziliponifikia karatasi zako. Yangu ilinitisha. Ya kwake niliipeleka kitandani, maana tangu mvua ile ana homa ya mapafu, nikamwambia ni ya dada yako, sikuifungua. Akasema macho yanamuuma, nisome mimi. Nikasoma kwa sauti. Nilipofika pale "mke wako hakuachi, lile neno hakuliandika", nikairudia mara mbili.

Basi tukaambiana, wifi. Alinieleza yote, njia ya nyumbani, marinda, Baba Yetu ya chooni. Alieleza vizuri, akili ilikuwa imemrudia siku hiyo kama jua la katikati ya masika. Nami nikamweleza lile neno lilivyokuja, nilivyotaka kuandika "peke yake nyumbani" nikamaliziwa vingine. Akanisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Sasa aliliandika nani? Mzee Augustino?"

Tukacheka. Tulicheka mpaka akakohoa nikamwinua mgongo. Akanishika mkono akasema alinidhania vibaya na nimsamehe. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfutia njia. Akasema hilo nalo atalisahau, nisijali.

Nimerudi kwa Mama Alpesh, nikamwomba arudishe. Aliwasha zile swichi zote. Tukaandika "ku". Ikatuletea kubeti, kupunguza tumbo, kupika biriani. Ya watu. Yake hayamo. Mama Alpesh alijaribu kila mahali, akaniambia, "Hayarudi, dada. Nilikuambia." Hakunisema, alilia. Ni mara ya kwanza kuniita dada.

Nimekaa chini nikaiandika ile njia upya, kutoka Mnazi Mmoja, mara nyingi, ili simu ijifunze. Sasa simu inaijua. Ila yeye akipewa simu anaigeuzageuza, anauliza ni ya nani.

Usijilaumu, wifi. Ulinipa shauri, na ningelifuata hata usingenipa.

Scholastika


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
Jumapili, 16 Juni 2024

Wifi yangu Rachel,

Shikamoo. Umeniuliza kama uje. Njoo korosho zikiruhusu, ila usije na haraka ya kumuwahi akiwa vilevile. Huyo hayupo.

Homa ya mapafu imekwisha. Hospitali tumekwenda, daktari ni kijana mwenye adabu, alitueleza taratibu. Kuna vidonge. Alisema vidonge ni vya kupunguza mwendo, na safari yenyewe iko palepale. Shukuru ameomba likizo, amekuja, baba yake alimkaribisha vizuri sana akamuuliza anataka mapazia ya chumba gani. Shukuru akasema ya sebuleni. Akatoka nje, alikaa huko muda.

Jumuiya wote wanajua sasa. Yale niliyoogopa wasije wakayajua ndiyo wanayonisaidia nayo. Wanakuja kwa zamu kukaa naye nikiwa barazani. Mwenyekiti amechaguliwa mwingine, ila Jumamosi wanamwachia kiti kile kile.

Nikuambie lililonishinda, maana siwezi kumwambia padre likaeleweka.

Ile siku tuliyoambiana na tukacheka, imefutika. Siku chache tu baada ya kukuandikia aliamka akaniuliza, kwa upole, "Mama Shukuru, utaondoka lini?" Nikadhani anaulizia baraza. Akasema, "Sikuzuii. Nataka kujua tu." Nikamweleza upya, simu, vidole, maneno ya watu. Akaelewa. Akaniomba msamaha upya. Kesho yake akauliza tena. Wifi, amesahau marinda, amesahau njia, jina la mwanawe linakuja na kuondoka, na maelezo yangu yanakaa mpaka chai ya asubuhi tu. Lakini kwamba mke wake anamwacha, hilo halisahau. Sijui limejishika wapi mle ndani. Nimemwuliza daktari, akasema maumivu wakati mwingine hubaki baada ya sababu kuondoka. Nikamwuliza yanafutwaje, akaniandikia vidonge vile vile.

Basi nimekuwa namwapia kila asubuhi kama bibi harusi. Nilizoea. Nikasema moyoni huu nao ni utume, kuna walioitwa kwenye makubwa zaidi.

Leo asubuhi nilikuwa namvalisha twende misa. Akaniangalia kwa muda, kwa heshima, kama anavyowaangalia wateja wapya. Nikajua swali linakuja, nikatangulia mwenyewe, nikamwambia mimi siendi popote, niko hapa.

Akatikisa kichwa. Akasema, "Ahsante, mama. Wewe ni mtu mwema. Lakini mke wangu naye alikuwa anasema hivyo hivyo, kumbe alikuwa ameshaandika."

Nikamfunga vifungo vya shati, nikamshika mkono, tukaenda kusali.

Scholastika